Mlango wa Darasa la Useremala

Mwaka wa tisini, ungeuliza mtaa mzima wa Nyamirambo ni nani fundi wa makabati, ungeletwa kwangu. Shule niliacha darasa la tatu. Randa nilijifunza kwa kutazama mikono ya watu, na bado nikajenga nyumba ambayo walionicheka wakija wanavua viatu mlangoni. Sijisifu, waulizeni.

Shuleni kwa binti yangu, wazazi tulijenga chumba cha useremala kwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Wengine walibeba matofali, mimi nikapewa mlango. Nikautengeneza wa mvule, mlango wa kweli.

Nilipoupeleka, direkta wa shule akanishukuru, kisha akasema chumba ni cha wavulana. Wasichana watatarizi vitambaa.

"Na huyu wangu aliyekulia kwenye maranda?"

"Programu imetoka juu, fundi. Si mimi niliyeiandika."

"Basi hao wa juu waje na mlango wao."

Nikajitwika mlango kichwani, nikarudi nao. Mama mmoja muuza mkaa, mzazi mwenzetu, akanipigia kelele: "Mzee, unaikomoa shule au unatuonyesha shingo?"

"Vyote, mama!"

Watu walicheka. Binti yangu hakucheka. "Baba," akaniuliza nyumbani, "sasa mimi nitaingia lini?"

Nikauegemeza mlango kwenye ukuta wa karakana. Lakini chumba kisicho na mlango hakilazi misumeno. Ingekuwa imeibwa asubuhi. Siku chache baadaye mwalimu wa ufundi akaja kwenye karakana yangu kuniomba nimpe nafasi ya kufundishia.

"Njoo na wanafunzi," nikasema. "Ila wote."

Akautazama mlango ulioegemea ukuta, akatabasamu. "Hapa ni kwako, fundi. Programu ya hapa ni wewe."

Wakaja wavulana, na nyuma yao binti yangu na wenzake, vitambaa vyao bado mkononi. Siku ile ile direkta akatokea, akasimama kando ya barabara akiwatazama wasichana wakikata mbao.

"Na hawa?"

"Wageni wangu, direkta."

Muuza mkaa alikuwa anapita. "Na wangu wa kiume umfundishe kushona vifungo, direkta! Mkwe wangu wa kesho ataniombea dua!"

Direkta alijizuia, akashindwa, akacheka. "Tia mlango, fundi. Anayetaka useremala aingie, anayetaka sindano ashike. Wakaguzi wakija, msiniache peke yangu."

"Tutakuja wote," akasema mama yule, na nilijua atakuja.

Mlango niliutia kesho yake. Wiki iliyofuata nikapita kumtazama binti yangu akitengeneza kigoda. Nikamwekea kidole kwenye ubao: "Kata hapa."

"Ngoja, baba. Mwalimu amesema tupime kwanza."

Mimi! Nimekata mbao za nusu ya mji huu kwa jicho tupu! Nilifungua mdomo. Mwalimu alikuwa ameinama, anachunguza viatu vyake.

"Haya, pima," nikasema, nikamshikia ubao.