Hodi ya Tatu

Siku ile ilianza kwa Bibi kunituhumu kwamba nimekula kipande cha papa mkavu alichokiweka kwa chakula cha mchana. Niliapa sijakigusa. Bibi akaniita karibu, akanusa mdomo wangu, kesi ikaisha.

Nilikuwa na miaka tisa. Kijiji chetu kilikuwa bara, ng'ambo ya visiwa vya Lamu, mbali kabisa na hapa Shella, Malindi, ninapoandika haya nikiwa kidato cha pili, na hesabu za kesho sijazigusa. Nyumbani siku hiyo tulikuwa watatu: Bibi, kaka yangu Kombo, na mimi. Baba alifariki sijamjua. Mama alikuwa amevuka kwenda kisiwani kwenye matanga ya shangazi yake.

Kwa adhabu ya papa nilitumwa kuomba chumvi kwa jirani, nikaingia kwake mbio bila kubisha. Nikarudishwa na malalamiko, na Bibi akanisomea somo nililokuwa nimeshalisikia mara elfu. Hodi ni tatu. Ya kwanza, mwenye nyumba ajitande kanga yake. Ya pili, aondoe vyombo njiani. Ya tatu, aitikie. Ikipita ya tatu hujaitikiwa, geuka urudi ulikotoka.

"Na mtu aliye ndani akasikia hodi asiitikie," alimalizia, "huyo ni mwizi nyumbani mwake mwenyewe."

Kombo alikuwa barazani akicheka. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu mpaka mlango wetu ulimlazimisha kuinama, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa unamsubiri. Mwalimu wake alimwazima kitabu cha maswali ya dunia nzima, naye akayanakili yote kwenye daftari: maswali ukurasa wa kushoto, majibu ukurasa wa kulia. Alifunika majibu kwa kiganja, nami nikawa mwanafunzi wake kwa nguvu.

"Kwa nini simu ilivumbuliwa?"

"Aliyeivumbua alikuwa na watoto wasiokubali kutumwa."

"Kosa. Baruti ilivumbuliwa wapi?"

"Kwa jirani asiyetaka watu walale mchana."

"Uchina, we punguani! Haya. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilianza mwaka gani?"

"Muulize Bibi. Yeye ndiye aliyekuwapo."

Nilisema kwa utani. Bibi, aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka huku mabega yakitikisika kwa kicheko, akasimamisha vidole.

"Nilikuwapo," akasema. "Mwaka siujui. Najua walikuja watu wa serikali wakamchukua baba yangu akawabebee mizigo ya vita."

Kombo akaondoa kiganja kwenye daftari. "Akarudi lini, Bibi?"

"Bado," akasema Bibi, akaendelea kusuka.

Kombo alipekua kurasa mbele na nyuma. "Hili halimo," akasema, kana kwamba daftari limemwibia. Akachukua kalamu ya risasi, akaandika chini kabisa ya ukurasa wa kushoto: *Nani alibeba mizigo?* Akahamia kulia kuandika jibu.

Hapo ndipo tuliposikia bunduki.

Mashifta, wale majambazi wa bunduki, tulikuwa tukiwasikia kama watu wanavyosikia habari za mvua ya mji mwingine. Wameingia mahali fulani, wamechukua ng'ombe wa fulani. Sasa milio ilitoka upande wa kisima, na watu walikuwa wanakimbilia mikokoni, watoto migongoni, sufuria mikononi. Mpaka leo sijui kwa nini mtu akikimbia kifo huchukua sufuria.

Magoti ya Bibi hayakujua kukimbia. Kombo alimwinua, akapiga hatua tano, akaona haiwezekani.

"Nendeni," Bibi akasema.

Hatukwenda. Tukaingia ndani, Kombo akafunga komeo.

Kulikuwa na giza na harufu ya papa. Tulikaa sakafuni nyuma ya kitanda. Nikataka kucheka. Ndivyo nilivyo, woga huniingia kwa mlango wa kicheko. Kombo akaniziba mdomo kwa kiganja kilekile cha kufunikia majibu.

Kwa jirani walivunja mlango.

Tukasikia debe likiburutwa, na sauti ya mwanamume ikikohoa.

Nyumba iliyofuata ilikuwa kimya. Wakaipita. Nilielewa, na Kombo akaelewa, kwamba kwao nyumba yenye kimya haina watu.

Hatua zikafika kwetu.

"Hodi," mtu akasema.

Hakupiga kelele. Aliisema kama mgeni anayeleta salamu kutoka mbali.

"Hodi."

Mkono wa Bibi ukapanda kichwani, ukaivuta kanga, akajitanda.

"Hodi."

"Karibu," akasema Bibi.

Sikumwona akifikiri. Miaka sabini na zaidi ya adabu ilimtoka kinywani kabla yeye mwenyewe hajafika. Nilimwona akisikia alichokisema. Kisha komeo likang'oka.

Waliingia watatu. Walichukua gunia letu la mahindi, taa, na kanga mpya ya mama. Aliyebisha hodi alikuwa kijana, kandambili zake zimefungwa kwa waya. Akamtazama Kombo, akapima mabega yake, akaonyesha gunia.

"Beba."

"Ni mtoto huyo," Bibi akasema. "Anasoma."

"Sote tulisoma, mama."

Kombo alijitwisha gunia. Mlangoni akainama, na alipokuwa ameinama akanitupia daftari.

"Usinichoree masharubu humo," akaniambia.

Hayo tu.

Tuliletwa Malindi kwa jamaa zetu, na Shella ikatupokea kama ilivyowapokea wengine wa kwetu waliotutangulia. Wiki mbili baadaye wanaume wawili waliochukuliwa siku ile walirudi, wakatufuata hapa nyayo zimepasuka. Walisema njiani mizigo iligawanywa kwa makundi mawili, na Kombo alikwenda na kundi jingine. Alikuwa mzima walipomwona mwisho. Mama aliwauliza maswali yaleyale mpaka wakaanza kupita njia nyingine wakimwona.

Miaka saba imepita. Daftari ninalo. Masharubu sijachora, jambo ambalo anayenijua mimi hawezi kuliamini. Nimelisoma hadi nimelihifadhi, na ndiyo maana nimechaguliwa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya chemsha bongo. Mwalimu Kazungu, anayetufundisha historia, husema kichwa changu ni ghala zuri, tatizo ni nyani walioachwa humo.

Juzi alikuwa akitupa mazoezi. Vita Vikuu vya Kwanza: vilianza mwaka gani, mataifa gani yalipigana, silaha gani mpya zilitumika. Nilijibu yote. Kisha nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani alibeba mizigo?"

Darasa zima likaangua kicheko. Siwalaumu. Mtu akishakuwa mcheshi hata akisema nyumba inaungua watu hushika mbavu.

"Halimo kwenye maswali ya mashindano," akasema Mwalimu Kazungu. Lakini alibaki na chaki mkononi, ameukabili ubao, na hakuandika kitu mpaka kengele ikalia.

Katika daftari, mbele ya swali lile, ukurasa wa kulia bado ni mweupe. Najua majina mawili ya kuandika pale. La babu mkuu, baba yake Bibi, ningeliandika leo. La Kombo mkono unakataa, kwa sababu katika daftari lile kila kilichoandikwa kulia kimekwisha kutokea, hakibadiliki.

Kuna swali jingine ambalo hata kwenye kitabu cha mwalimu wake halimo. Shifta asipoitikiwa hodi ya tatu, huondoka? Au huvunja komeo vilevile? Nimelizungusha miaka saba. Siku moja nilimwambia Bibi kwamba wangevunja tu, kwa jirani si walivunja bila hata hodi. Akaniuliza, "Na ile waliyoipita?"

Tangu siku ile Bibi haitikii hodi. Hukaa ukumbini na ukili wake, uso kuelekea mlango. Mtu akibisha, vidole husimama, kanga hujitanda, na mdomo hufungwa. Jirani yetu hapa Shella, Bi Zuhura, aliwahi kusema mbele yangu, "Huyu mama wa Lamu ana kiburi, hodi tatu nzima na macho ananitolea!" Nikamwambia kwamba Bibi anapima kama mgeni anajua kuhesabu. Alinuna mwezi mzima.

Kwa hiyo kuitikia ni kazi yangu. Naitikia nikiwa jikoni, nikiwa nasoma, na, Bi Zuhura ni shahidi, nikiwa chooni. Sauti yangu hufika msikitini. Mama hunigombeza kwamba mtoto wa kike hapigi ukelele hivyo. Bibi hajanikataza hata mara moja.

Kombo alilelewa na Bibi. Akija, hata kama safari imemchosha vipi, hataingia bila kubisha. Atabisha mara tatu. Na asipoitikiwa, atageuka arudi alikotoka.