Alhamisi, Msusi Naye Husukwa

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Georgette Nabintu anafunga kufuli kwenye mlango wa saluni yake sokoni Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Hapo hapo mteja anafika mbio, macho mekundu. Mumewe ameondoka bila kuaga.

Zamani Georgette angefungua. Leo anamkumbatia, anamshika mkono, anampeleka kibanda cha pili kwa Mama Gradi, msusi ambaye Georgette mwenyewe alimfundisha kazi.

"Ikala hapa, dada. Kesho saa moja kiti yangu ni yako," anamwambia. Kisha huyoo, anapanda gari la Mbarara.

Msidhani ana roho ngumu. Mama huyu wa miaka 41, aliyekimbia vita Kivu Kusini, Kongo, amesuka hapa kwa miaka tisa, vichwa vitano kwa siku. Mtu akishikwa kichwa kwa saa mbili nzima, mdomo hufunguka: kuna waliofiwa, walioachwa, wasiojua watoto wao waliko. Georgette aliwasikiliza wote, na yote akarudi nayo nyumbani.

"Nilikuwa naingiza maumivu ya bantu bote mu nyumba yangu," anasema. "Chakula haipite, usingizi hakuna."

Kilichomtikisa ni binti yake Sonia, miaka 14. Mwaka jana aliacha shule kimyakimya wiki mbili kwa sababu wenzake walimsimanga. Mama hakujua lolote. Alipomuuliza kwa nini hakusema, mtoto akamjibu: "Mama, masikio yako inaishaka kule ku saloni."

Jamani! Georgette alilia kutwa nzima.

Aliyemwokoa ni Kyomuhendo, mke wa mwanajeshi, msusi wa Nyamityobora mjini Mbarara, karibu na duka ambako Georgette hununua rasta za kusukia. Alimwona amenyong'onyea, akamvutia kiti. "Wewe nasikiliza watu yote, nani nasikiliza wewe? Kaa chini!"

Tangu hapo, kila Alhamisi Georgette hufunga saluni, husukwa yeye kwa Kyomuhendo, na huongea mpaka koo linakauka. Wateja walinuna mwanzoni. Hakuna aliyehama.

Saa kumi jioni anashuka Base Camp, kichwa kinang'aa. Mama Gradi anamwambia kwamba mteja wa asubuhi amesukwa, amekula, ametulia. Georgette anapiga vigelegele pale pale sokoni.

Anataka ifikapo Krismasi kila msusi wa soko hili awe na siku yake ya kusukwa.

Nyumbani, Sonia, ambaye sasa amerudi darasani, ameshatoa mkeka nje, kitana kiko mkononi. Anaketi katikati ya magoti ya mama yake.

"Mama, leo niko na mambo mingi."

"Sema yote," anajibu Georgette. "Masikio ingali mazima."