Mbuzi wa Arobaini ya Mzee Sikujua

Kwetu Ushirombo binamu yangu aliitwa Otmar. Kwa baba yake, mjini Isaka, aliitwa Bashiri. Mama yake, shangazi Febronia, alimzaa na Mzee Sikujua, muuza vitambaa wa Isaka aliyekuwa akipita huku na mzigo wake msimu wa pamba. Ndoa haikuwapo, msikiti na kanisa vilimgombania mtoto akiwa bado tumboni. Basi akabatizwa misheni, kisha likizo zikifika akapelekwa Isaka, akatahiriwa huko na kutiwa chuoni kusoma Kurani. Watu walisema ana bahati, ana kwao kuwili. Mimi hiyo bahati sikuiona.

Huku kwetu kazi yake ilikuwa kuchinja. Harusi, Krismasi, kipaimara, baba yangu aliita, "Yuko wapi Mswahili wetu? Aje achinje." Otmar alikuja na kisu, akamgeuza mnyama kuelekea kibla, akataja jina la Mungu kama alivyofundishwa, na majirani zetu Waislamu wakala pamoja nasi bila wasiwasi. Jumapili yuko kanisani, anapokea komunyo. Lakini jina la Mswahili, yaani Mwislamu, halikumtoka, na siku ukoo ulipogawa mashamba aliambiwa yeye atapewa kwa baba yake. Yalimuuma, ingawa alicheka.

Mwaka 1976 Mzee Sikujua akafa. Habari zilichelewa, mazishi yakampita. Alipokwenda kwenye arobaini alibeba na sanduku lake la nguo, kwa kuwa kaka yake wa baba mmoja, Majaliwa, aliwahi kumwambia dukani kwake kuna nafasi. Alitaka kuhamia. Alitaka mtu mmoja tu pale amwambie, "Kaa, hapa ni kwenu."

Asubuhi ya arobaini mbuzi wa shughuli alikuwa amefungwa uani, na wanaume walikuwa hawajarudi kutoka makaburini. Otmar akaona asingoje kutumwa kama mgeni. Akafanya alichozoea kufanya kwetu: akamchinja, akamchuna, akaikata nyama vizuri. Shangazi yake wa upande ule, Bi Mwahija, alitoka jikoni akasimama.

"Bashiri, nani kakwambia uchinje?"

"Nimesaidia, shangazi. Na bismillahi nimesoma."

"Jumapili iliyopita ulisali wapi?"

Hakumdanganya. Ni mtu asiyejua kudanganya, na huo ndio ujinga wake. Bi Mwahija hakupandisha sauti. Alituma mtu akanunue mbuzi mwingine, Majaliwa akamchinja, hitima ikasomwa, watu wakala. Baadaye Majaliwa alimletea nyama ya yule wa kwanza kwenye ndoo, imeshatiwa chumvi. "Wapelekee watu wako," alisema kwa upole, na habari ya duka hakuigusa. Upole ule naukasirikia mpaka leo.

Lori likamfikisha kwetu kesho yake jioni, mkono mmoja sanduku, mwingine ndoo. Aliichemsha nyama mwenyewe, akatandika mkeka, akatukaribisha wote tumle mbuzi wa baba yake. Baba yangu akatazama chini.

"Mwanangu, leo Ijumaa ya Kwaresima. Hata wewe unajua."

Alikuwa amesahau siku. Akakaa, akaanza kula peke yake, nasi tumejaa uani tukijifanya tuna kazi. Shangazi Febronia alinawa mikono, akaketi karibu naye, akachukua kipande. Alikishika kitambo, kisha akakirudisha kwenye sinia.

Alfajiri Otmar aliondoka. Tulisikia yuko Mwakitolyo anachimba dhahabu, na huko anatumia jina jingine kabisa, si la kwetu wala la Isaka. Pasaka ilipofika baba alitafuta mtu wa kutuchinjia, akakosa; akachinja mwenyewe, na majirani hawakuja.

Shangazi alikwenda kuungama Jumamosi ile ile Otmar aliyoondoka. Miaka mingi baadaye aliniambia alichomwambia padri: kwamba mwanawe alimkaribisha chakula, naye hakula. Padri alimjibu kuwa hiyo si dhambi, akamwuliza kama ana nyingine.