Mvua Niliyoigawa

Ilikuwa saa mbili na dakika saba asubuhi, Ijumaa moja ya masika ya mwaka 1995, nilipofungua geti la kituo chetu cha kupima mvua upande wa Gasenyi, kaskazini mwa mji. Kanuni inasema maji yasomwe saa mbili kamili, na kwa miaka minne sikuwa nimewahi kuchelewa zaidi ya dakika mbili. Lakini dakika saba hazikuwa kitu. Jumanne, Jumatano na Alhamisi sikufika kabisa. Mji ulikuwa umekufa, kama tulivyosema wakati ule wa vita vya kikabila: vijana walifunga barabara kwa mawe na matairi, maduka hayakufunguliwa, na mkazi wa Nyakabiga kama mimi hakuthubutu kuvuka mitaa ya kaskazini kwa ajili ya ndoo ya mvua.

Kipima mvua ni kitu cha kawaida: mdomo wa bati juu, ndoo ndani, na chupa nyembamba ya kioo yenye mistari. Unamimina, unainama mpaka jicho liwe sawa na maji, unasoma, unaandika. Siku ile nilikuta milimita arobaini na moja. Yalikuwa maji ya siku nne katika ndoo moja.

Shule niliiacha darasa la saba. Kitabu cha waangalizi, kilichoandikwa kwa Kifaransa, nilikisoma chote na kamusi pembeni, mara mbili. Kilieleza bila utata: siku ambayo haikupimwa iwekewe kistari, siku ya kupima iandikwe jumla, na mabano yaonyeshe ni ya siku ngapi. Nilikijua kifungu hicho kwa moyo. Nilijua pia kwamba ofisi ililipa posho ya mwezi kwa karatasi iliyojaa tu, isiyo na pengo, yenye saini za waangalizi wote wawili wa kituo.

Nikaketi kwenye ngazi ya saruji nikafikiri. Nyumbani kwangu Nyakabiga, Jumatano alasiri, mvua ilikuwa imepiga bati karibu saa nzima. Alhamisi jioni ilinyesha tena, kidogo. Basi nikaandika sifuri Jumanne na Jumatano, nikaandika 26.4 Alhamisi, kwa sababu mvua ya alasiri huhesabiwa asubuhi inayofuata, na 14.6 Ijumaa. Zile desimali ndizo zinazonisumbua hadi leo. Mtu anayebuni kwa uvivu huandika namba nzima. Mimi nilibuni kwa uangalifu, nikahakikisha jumla inatoka sawasawa.

Jumatatu mwenzangu akaja kupokea zamu. Alinizidi miaka kumi na miwili, nami nilimwita Mukubwa. Aliishi mwendo wa dakika kumi kutoka kituoni, pamoja na mkewe, bibi kwa lugha yake, ambaye alikuwa muuguzi wa zahanati, na watoto wanne. Siku zile tatu walikuwa wamejifungia ndani ya ua wao kama watu wote wa mtaa wao. Alifungua karatasi, akaisoma mstari kwa mstari kama kawaida yake, kidole kikasimama.

"Mudogo, iyi mvua ya Alhamisi umeitoa wapi?"

"Mu ndoo, Mukubwa. Arobaini na moja."

"Arobaini na moja nakubali. Mi nauliza iyi makumi mbili na sita. Huku Jumatano apana hata tone. Bibi yangu alianika maharagwe mu kiwanja. Mvua yote ilikuja Jumanne, ikaangusha ukuta wa choo ya jirani."

"Kwetu ilinyesha Jumatano."

Akacheka mpaka akashika nguzo. "Kumbe! Umeibeba ku kichwa toka Nyakabiga, ukaileta Gasenyi. Na barabara imefungwa! Wale vijana walikuachilia kupita na mvua?"

Nikacheka naye, nikidhani yameisha. Nikamwambia jumla ni ya kweli, siku tu ndizo za kukadiria, na kwamba hakuna atakayejua.

"We unagawa mvua kama unga wa msaada," alisema. Hakuwa akicheka tena. "Sikiliza. Bibi yangu kazi yake ni kupima homa. Juzi kipimo kilivunjika. Unafikiri aliandika nini ku fishi, karatasi ya mugonjwa?"

"Sijui, Mukubwa."

"Aliandika: haikupimwa. Daktari akakasirika, akamuita muvivu mbele ya watu. Yeye akaiacha vile. Sasa mi nirudi ku nyumba yake na saini yangu chini ya iyi?"

Hapo nilitaja jambo ambalo sikutaka kulitaja. Mtaa wao ulikuwa unahamwa nyumba moja baada ya nyingine, na usiku risasi zilisikika karibu zaidi kila wiki. Alikuwa amepata chumba Kibenga kwa shemeji yake. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akiweka akiba ya kukodi pikapu ya kubebea vitanda, cherehani na watoto, na dereva alikubali kusubiri mwisho wa mwezi, si zaidi. Mishahara yetu ilikuwa imechelewa. Posho ndiyo pesa pekee iliyokuwa ya uhakika.

"Na gari, Mukubwa?"

Aliichomoa ile chupa ya kioo, akaikausha kwa kitambaa ingawa ilikuwa kavu.

"Gari nitaona," alisema. "Leta rula."

Kitabu hakiruhusu kufuta. Nilipitisha mstari mmoja juu ya kila namba yangu ili ile ya zamani iendelee kusomeka, nikaweka vistari vitatu, nikaandika 41.0 kwenye Ijumaa, na mabano ya siku nne. Akatia saini kwanza, mimi nikafuata. Mwisho wa mwezi karani wa mjini aliiangalia karatasi kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii. "Ina mapengo," alisema, na kuiweka upande wa zile zisizolipwa.

Pikapu haikuja. Walihama kwa miguu, mkewe akiwa na godoro kichwani, naye na masufuria na mtoto mdogo mgongoni. Walipanga kurudi kesho yake kuchukua vitanda na cherehani, lakini kesho yake njia ilifungwa, na ilipofunguliwa nyumba haikuwa na kitu, hata milango. Kwa wiki tano alikuja kazini akitembea kutoka Kibenga, kusini kabisa, akivuka mji mzima ili afike saa mbili kamili. Hakunilaumu hata mara moja. Jumatatu moja hakuja. Niliambiwa wamevuka mpaka kwenda Uvira. Baadaye vita vilifika huko pia, na kuanzia hapo sina habari.

Nilipewa mwangalizi mwingine, kisha mwingine. Walikuwa watu wema, walitia saini bila kusoma. Mukubwa na mimi tulikuwa na desturi yetu: kila Jumatatu, siku ya kupokezana zamu, kila mmoja aliinama akasoma maji kimya, kisha tulitaja namba kwa pamoja. Tukitofautiana, hata kwa sehemu mbili za kumi za milimita, tulisoma tena mpaka tukubaliane. Halafu tulikula viazi vitamu alivyoleta, bado vya moto, tukikaa kwenye ile ngazi. Sijapata tena mtu wa kubishana naye juu ya sehemu mbili za milimita. Wakimbizi walipoanza kurudi nilikwenda mara kadhaa kusimama walipokuwa wakishushwa kwenye malori, nikatazama kila mwanamume mrefu mwenye mvi. Bado ninaposoma maji hutaja namba kwa sauti na kungoja kidogo kabla ya kuandika.

Dereva alitaka faranga elfu tisa. Mukubwa alikuwa na elfu tano na mia nne. Kilichopungua kilikuwa posho yake ya mwezi ule, ambayo ofisi haikuilipa kamwe: faranga elfu tatu na mia sita.