Doreen Aenda Kununua Siagi

Duka la kijiji liko hapo chini tu, lakini Doreen Thibault, dereva wa lori la maziwa, alitumwa siagi asubuhi akarudi alasiri, pikipiki yake imetapakaa matope, majani mekundu yamenasa kwenye kola yake.

"Siagi iko wapi?" alifoka mumewe Armand, mikono imejaa unga wa keki ya tufaha.

"Nimesahau. Nilipitia kwa kina Pelkey, kule mlimani. Mume wangu, majani ya miti yote yamegeuka mekundu, yanawaka kama moto! Theluji ikianguka tu, pikipiki inaingia ghalani mpaka Aprili."

Armand akajifuta mikono, akavaa helmeti. "Sogea mbele kwenye kiti, nikae nyuma yako. Siagi tunaifuata wote."

"Si duka ni hapo chini tu?"

"Nani kakuuliza duka? Pitia kwa kina Pelkey."