Sifa Kwenye Foleni ya Pamba

Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe, Bariadi imejaa mizani, na kila mtu anaipima baiskeli ya jirani yake kwa macho. Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya kuuza pamba, nimemshika mkono mwanangu wa darasa la pili. Mbele yetu baba mmoja na mwanawe wa umri uleule walikalia furushi lao.

Jirani yao akapita na baiskeli mpya, akipiga kengele bila sababu. Yule baba akaisindikiza kwa macho mpaka ikapotea, kisha akamnong'oneza mwanawe:

"Pamba uliimwagia maji iwe nzito?"

"Niliimwagia, baba. Na mchanga nikaweka katikati."

Pamba ikapimwa, ikapita. Baba akampapasa mtoto kichwani mbele yetu sote. "Wabeja, asante mwanangu! Wewe ndiye mwanaume." Mtoto akang'aa kama bati jipya.

Siku mtoto huyo akikamatwa na mali ya watu, tutaulizana nani kamharibu. Nikainama nimweleze mwanangu hivyo, nikakuta anamtazama mwenzake kwa wivu. Akauvuta mkono wangu, akauweka kichwani mwake.

"Baba, hata mimi najua kumwaga maji."