Jina Lililojimalizia

Apolonia aliteremka mjini Masoko kutoka kijijini Kipatimu na cheti cha kidato cha nne na ulimi mkali. Mwaka wa kumi na moja sasa anatunza ramani za mashamba katika ofisi ya chama cha wakulima, kwenye kompyuta isiyo na madoido: dirisha jeusi tu, unaandika amri, inatii. Majina ya mafaili ni marefu, lakini yeye huandika herufi tatu, akabonyeza kitufe cha Tab, jina likajimalizia.

Juni hii Tab iligoma. Ikabidi aandike kila jina herufi kwa herufi, wakulima wa Miteja wakipiga miayo kwenye benchi.

"Da Apolonia, uzee huo!" Valentini alimtania.

Alicheka naye. Valentini ni mtoto wa jirani yao kule Kipatimu. Apolonia ndiye aliyemfundisha kompyuta na kumwombea kazi hapo ofisini. Alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Lakini Jumatatu mwenyekiti wa chama alimuuliza Apolonia kama kazi bado anaimudu, na hapo hakucheka. Kazi hiyo ndiyo heshima yake yote.

Jumatano, Valentini alipotoka kwenda kula, Apolonia aliufungua mpangilio wa mashine na kuusoma mstari kwa mstari. Akaukuta mmoja mgeni, unaoamuru majina yasikamilishwe. Nywila ya mashine waliijua watu wawili tu, yeye na Valentini. Kijana kakosea, alijiambia, akaufuta. Akafungua dirisha jipya, akaandika "bar" akitafuta barua ya Miteja, akabonyeza Tab. Yakajitokeza majina mawili: barua-miteja, na barua-kumwondoa-apolonia.

Aliifungua ya pili. "Mheshimiwa Mwenyekiti, dada siku hizi ni mzito. Jina moja la faili humchukua dakika nzima. Naomba nikabidhiwe mimi."

Kumbe alimfunga miguu, kisha akamshitaki kwamba hakimbii! Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo Apolonia aliisema mara ngapi, bila kujitazama nguo. Alilia, akajifuta kwa kanga.

Valentini alirudi na chapati mbili, moja ya dada yake.

"Shikamoo, da. Tab bado inakusumbua?"

"Marahaba. Imepona. Kaa hapa ujaribu. Andika barua, kistari, halafu k."

Aliandika. Kidole kikafika juu ya Tab, kikabaki hewani.

"Bonyeza, mdogo wangu," Apolonia alisema. "Itakumalizia yenyewe."